Mgeni Wetu si Tangazo la Biashara

Katika hoteli za Karatu na zile za ukingoni mwa Ngorongoro umeenea mtindo ambao sisi twaona wakati umefika kuusema waziwazi. Mgeni akirudi mara ya pili au ya tatu, taa za ukumbi hupunguzwa wakati wa chakula cha usiku, wahudumu hutoka jikoni kwa msururu wakigonga sufuria na kuimba, keki huwekwa mbele yake, jina lake hutajwa kwa sauti mbele ya watu wote, na picha hupigwa. Kabla hajaimaliza keki yenyewe, picha imekwisha kutangazwa duniani kwa simu, pamoja na jina lake, nchi yake, na maneno ya kwamba huyu bwana au bibi ni rafiki wa hoteli yetu tangu mwaka fulani.

Nia ya jambo hili ni njema, wala hatuna ugomvi na keki. Watu wetu tangu zamani husema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenye duka asiyemshukuru mteja wake wa kila siku hana muda mrefu katika biashara. Lakini twauliza swali moja dogo: nani alimwuliza huyo mgeni kama anataka kutangazwa?

Fikirini. Mtu amefiwa na mkewe, na mwaka huu amerudi peke yake kuangalia kreta ile waliyoiangalia pamoja. Hapo hapo anazungukwa na watu kumi wakimwimbia na kumwuliza mama yuko wapi. Mwingine ni mtu mashuhuri kwao, amekimbia waandishi wa magazeti, akadhani juu kule kwenye ukungu na baridi hakuna atakayemjua. Mwingine ni mtu wa kawaida tu, ila nyumba yake huko kwao imefungwa, na hoteli yetu imewatangazia wezi wote wa mtaa wake kwamba mwenye nyumba yuko Afrika kwa siku kumi. Hawa wote hucheka na kupiga makofi, maana ni aibu kukataa mbele ya watu. Kicheko cha mtu aliyezungukwa si ruhusa.

Mlango wa mbele wa hoteli nyingine kuna ubao wa chaki au karatasi yenye majina ya wageni watakaofika siku ile, pengine na idadi ya siku watakazolala. Ati ni kuwakaribisha. Kila mwenye kupita, awe dereva, mchuuzi wa vinyago au mtu asiye na kazi yoyote pale, husoma na kujua nani yumo na ataondoka lini. Sisi tulio na kazi ya uenezi twajua vizuri nguvu ya ubao mahali wanapopita watu, na kwa sababu hiyo hiyo twasema jina la mgeni si habari ya kubandikwa.

Tusidhani kwamba mambo haya yameanza na simu. Kule Nyeri, nchini Kenya, palikuwa na hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alilala humo binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, pamoja na mumewe. Usiku ule ule baba yake akafa kule Uingereza, naye akawa malkia bila ya kujua, akiwa anatazama wanyama wakinywa maji. Tangu hapo hoteli ile ilijulikana ulimwenguni kwa usiku huo mmoja. Mau Mau waliichoma moto mwaka 1954, ikajengwa tena upande wa pili wa dimbwi, na habari ikaendelea kusimuliwa kwa kila aliyelipa kitanda: hapa ndipo alipopanda akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia. Sisi hatumlilii malkia wa Waingereza, aliyekuwa na watu wengi wa kumlilia. Twalitaja jambo hili kwa sababu ni mfano dhahiri wa nyumba ya wageni kupata utajiri kwa msiba wa mgeni wake. Naye alikuwa mtu mkubwa asiyeweza kufichwa. Je, mdogo asiye na walinzi wala mawakili atajiteteaje?

Turudi Ngorongoro. Pale ukingoni, barabarani, lipo jiwe la ukumbusho wa Wajerumani wawili, Michael Grzimek aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 alipokuwa akihesabu wanyama, na baba yake Bernhard aliyefariki 1987. Wako miongoni mwetu wenye ugomvi na mawazo ya wazee hao juu ya Wamasai na ardhi yao, na ugomvi huo tutauandikia siku nyingine. Lakini tazameni jiwe lenyewe lilivyo: linataja kazi waliyoifanya. Halisemi walilala chumba gani, walikunywa nini, wala walikuja na nani. Hivyo ndivyo mtu anavyosifiwa hadharani. Husifiwa kwa alilolitenda mbele ya watu, na yale aliyoyatenda mlango ukiwa umefungwa hubaki yake.

Hapa wenye hoteli watatuambia kwamba biashara haiendi bila kujitangaza, na kwamba mteja aliyerudi mara tano ni shahidi bora kuliko matangazo yote ya kulipia. Kweli. Basi mwombeni ushahidi wake, kwa faragha, kwa karatasi, siku ya kuondoka na si siku ya kufika, naye akikubali mtangazeni mpaka mchoke. Tena kuna njia za kumtukuza mtu zisizohitaji ngoma. Karani wa mapokezi wa zamani, wa kabla ya kompyuta, alijua kwamba bwana huyu hunywa chai bila maziwa, bibi yule hawezi ngazi, na wale wazee wawili hupenda chumba kinachotazama mashariki. Aliyatunza kichwani, akayatenda bila kuyasema. Mgeni alikuta mto wa pili kitandani na blanketi la ziada, akajua kwamba amekumbukwa. Hiyo ndiyo heshima ya mteja mwaminifu, na wenye kuijua wamekuwa wakirudiwa na wageni miaka na miaka.

Wala hili si suala la adabu peke yake. Ni sheria. Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, maisha yake ya binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi wa Aprili 2024. Kwa sheria hiyo, anayekusanya habari za mtu hana budi kuwa na sababu ya haki, achukue zile tu anazozihitaji kwa sababu hiyo, asizitumie kwa jambo jingine, na azilinde. Mtu ana haki ya kuzuia habari zake zisitumiwe kwa matangazo ya biashara, na ana pa kupeleka malalamiko yake. Jina ulilolichukua ili umpe mgeni ufunguo hukulichukua ili uuzie vyumba vya mwaka kesho.

Sasa, ndugu zetu, kama mambo yangeishia kwenye hoteli za watalii tusingaliandika haya yote. Mtalii ana ubalozi, ana kampuni iliyomleta, na hoteli yenyewe inamwogopa. Aliyetusukuma kushika kalamu ni mgeni wa pili, yule ambaye hapewi keki.

Karatu ni mji wa barabara. Tangu lami ya kutoka Makuyuni ifike, iliyojengwa kwa msaada wa Wajapani mwanzoni mwa miaka ya 2000, mji umejaa nyumba za wageni, tuziitazo gesti. Humo hulala wanunuzi wa vitunguu wanaokwenda Mang'ola, na watu wa mnada. Hulala walimu wanaofuata mishahara na barua zao wilayani, na jamaa za wagonjwa waliolazwa katika Hospitali ya Kilutheri. Hawa ndio wateja waaminifu wa kweli. Mnunuzi wa vitunguu hulala nyumba ile ile, pengine chumba kile kile, msimu baada ya msimu, na fedha yake ndiyo inayomsomeshea mwenye gesti watoto. Je, shukrani yake ni nini?

Shukrani yake ni kitabu. Ukiingia gesti, juu ya meza ya mapokezi kimekaa kitabu kikubwa kimefunguliwa, na kalamu imefungwa kwa uzi. Waambiwa andika: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya chumba, na sahihi. Nawe unapoandika mstari wako, macho yako yanasoma mistari yote ya juu yake. Fulani, mfanyabiashara, atoka Mang'ola, chumba namba sita. Bi fulani, mwalimu, chumba namba tisa. Na yule atakayekuja baada yako atakusoma wewe. Ukitaka kujua nani amelala wapi Karatu, huhitaji kuwa askari kanzu. Jifanye tu unatafuta chumba.

Twajua yatokanayo na kitabu hicho. Mtu anayekwenda kununua vitunguu hana fedha mfuko wa nyuma tu. Anayo ya shamba zima. Aliyeandika mwenyewe kwamba ni mfanyabiashara, aendako ni Mang'ola, na chumba ni namba sita, amemwandikia jambazi barua. Mwanamke aliyekuja kumwuguza ndugu yake na kulala gesti siku nne huwa hadithi ya kijiji kabla hajarudi nyumbani, maana kuna mtu alisoma jina lake na hakusoma sababu. Mgonjwa aliyetoka mbali kwa makusudi, ili asionekane katika kliniki ya kwao, huonekana katika kitabu cha Karatu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini mtungi huu wa kwetu kila mpita njia ametiamo kata yake.

Na hiyo safu ya kabila ni ya nini? Mkoloni alitaka kujua kabila la kila mtu kwa sababu alitutawala kwa kutugawa, na karatasi zake zilikuwa na mahali pa kabila kuanzia kodi hadi kipande cha kazi. Yeye aliondoka 1961. Tumejenga taifa ambalo Mwiraqw, Mmasai, Mbarbaig na Mchaga hukaa benchi moja shuleni, na huko ndiko tulikotaka kwenda. Lakini mlangoni pa gesti bado mtu aulizwa kabila lake kabla ya kupewa sabuni. Twasema si haki hata kidogo. Tena sheria ile ya 2022 inazihesabu habari za asili ya mtu kuwa habari nyeti, zenye kuhitaji ulinzi zaidi kuliko nyingine, nasi twaziacha juu ya meza pamoja na bakuli la biskuti.

Watakaotujibu watasema kwamba kitabu kinatakiwa na serikali. Ni kweli kwamba nyumba ya wageni haina budi kujua nani amelala humo, na polisi wenye kazi yao halali wana haki ya kuuliza, na mhalifu akitafutwa sisi tutakuwa wa kwanza kusaidia. Hakuna anayetaka Karatu iwe maficho ya majangili wa pembe. Lakini kuandikisha ni jambo moja, na kuanika ni jambo jingine. Mwalimu huandika alama za watoto katika daftari na hulifungia kabatini. Kwa nini karani wa gesti ashindwe? Kila mgeni apewe karatasi yake, aijaze, ikunjwe, iingie katika sanduku lenye kufuli. Gharama yake ni karatasi na kufuli.

Yupo na mgeni wa tatu, ambaye tukimsahau tutakuwa tumeandika kwa upendeleo. Huyu ni dereva wa watalii. Amepanda mlima wa Rhotia na kupita lango la Lodoare pengine mara nyingi kuliko mgeni mwingine yeyote aliye hai. Amelala katika hoteli zile zile tangu kijana mpaka nywele zimeanza kuota mvi. Yeye ndiye aliyemshauri mzungu arudi, na mzungu akirudi huimbiwa, naye dereva yuko nyuma katika bweni la madereva, vitanda vya ghorofa, wanaume sita chumba kimoja, mlango haufungiki. Hana keki wala faragha. Kama hoteli yapima uaminifu kwa idadi ya siku mtu alizolala, basi aliyelala siku nyingi kupita wote ndiye huyo. Zipo hoteli ambazo zimewajengea madereva vyumba vya heshima na maji ya moto, nasi twazipongeza. Zilizobaki zisitusimulie habari za kuwaenzi wateja wa kudumu.

Vijana wa TANU waliwahi kuuliza maswali ya jinsi hii. Mwaka 1970 ilizuka hoja kali juu ya utalii katika gazeti la The Standard la Dar es Salaam, na maandishi yake yalikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotoka 1973. Wengine walihofia kwamba biashara ya utalii itaturudisha kuwa maboi katika nchi yetu wenyewe. Wengine waliona ni fedha inayohitajika. Zaidi ya miaka hamsini imepita, utalii upo, na hatuoni kwamba utaondoka wala hatutaki uondoke. Lakini hofu ya vijana wale haikuwa ya kipuuzi. Nchi yenye kumfunikia mgeni wa nje shuka mpya na kumwacha mwananchi wake alale mlango wazi, jina lake likisomwa na kila mtu, inastahili kuulizwa maswali yale yale.

Limebaki jambo moja, ambalo baadhi ya ndugu zetu hawatapenda tuliandike katika gazeti la chama.

Siasa za Karatu ni kali. Wananchi wa wilaya hii waliwachagua wabunge wa CHADEMA tangu uchaguzi wa 1995 hadi ule wa 2020 ulipogeuza mambo, na kila upande unaujua upande wa pili kwa majina na kwa magari. Kipindi cha uchaguzi kikifika, huanza mchezo wa kwenda mapokezi ya gesti na kumwuliza karani: yule aliyekuja na gari jeupe amelala hapa? Alikuja na nani? Nani alimtembelea usiku? Karani ni binti wa miaka ishirini, mshahara wake ni mdogo, aliyesimama mbele yake ni mtu mzima mwenye kofia ya chama. Atafanya nini? Hufungua kitabu.

Hili twalikataa, hata likifanywa kwa faida yetu. Twalikataa hasa likifanywa kwa faida yetu. Chama si polisi. Mwanachama hana haki ya kusoma kitabu cha wageni zaidi ya muuza karanga. Mpinzani wetu akilala Karatu, kazi yetu ni kwenda kwenye mkutano wake wa hadhara mchana tukasikilize anasema nini, kisha tukamjibu katika mkutano wetu. Kama hatuna jibu, kujua alilala chumba namba ngapi hakutatupa. Na siku itakapofika zamu yao ya kuwa na nguvu, wataukuta mlango tulioubomoa sisi, nao watapita.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa matawi yote, tangu Mto wa Mbu hadi Oldeani, walete jambo hili katika vikao vya mwezi huu. Waitwe wenye gesti waliomo katika chama, nao si wachache, waanze wao: kitabu kitoke juu ya meza, safu ya kabila ifutwe, karatasi na sanduku viwekwe. Makarani wa mapokezi waambiwe mbele ya viongozi, ili wasikie kwa masikio yao, kwamba mtu yeyote wa chama akija kuuliza habari za mgeni wajibu hapana, na kwamba kwa jibu hilo hawatafukuzwa kazi. Wafanyakazi wa hoteli za juu nao wapewe haki ya kumwuliza mgeni kwanza, pembeni, kabla ya kutoka na sufuria zao: bwana, bibi, tungependa kukuimbia, je, wapenda? Akisema hapana, keki ipelekwe chumbani kwake, ama iliwe jikoni na waliooka.

Tawi litakalokuwa la kwanza kumaliza kazi hii litupelekee habari, nasi tutaichapa. Majina ya wenye gesti tutayaweka kama wenyewe wamekubali.